Tatu Nukta Moja

Mimi hasira zangu ziko karibu, Kiminini nzima inajua. Kwa hivyo nikisimulia kwamba siku ya praktikali ya fizikia, mwaka wa elfu mbili na tano, nilikaa ndani ya maabara asubuhi nzima bila kusema neno langu mwenyewe hata moja, watu hucheka. Ati Wangechi anyamaze? Lakini nilinyamaza, bana. Mtunza maabara kama mimi, siku ya mtihani wa taifa, huweka vyombo mezani, husimama kando, na akifungua mdomo bila ruhusa anaweza kulala seli. Nilinyamaza huku roho inanichemka, na ilinichemka kwa sababu ya mwanamke mmoja anayeitwa Phelista.

Phelista alikuja kwenye shule yetu ya kutwa mwezi wa kwanza mwaka huo huo, akaingia moja kwa moja kidato cha nne. Alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Mabanga, karibu na Bungoma mjini, na sketi yake ya shule ilikuwa imeongezwa kitambaa kiunoni. Wanafunzi walimwita Mathe. Mimi nilimwita Mama Kizito, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yeye aliniita Madam ingawa tulikuwa karibu rika moja. Alilala kwa mama yake mdogo hapo Kiminini, na mwisho wa mwezi alienda kuwaona watoto.

Mtihani huo alikuwa ameshaufanya akiwa msichana, katika shule fulani upande wa Bungoma. Darasa zima lilipika praktikali. Kupika, kwa lugha ya shule, ni kuandika namba unazojua zinatakiwa badala ya zile ambazo mita imekuonyesha. Walichukua namba za kijana mmoja, wote wakaandika hizo hizo, na Phelista naye akaandika. Matokeo yaliporudi kila mmoja alikuwa na herufi Y, maana yake umeiba, huna kitu. Baada ya hapo aliolewa na Wangila, akalima mahindi, akazaa Kizito na Pauline.

Kilichomrudisha shuleni ni balbu mbili. Stima ilipofika kanisani kwao, fundi alizifunga balbu mbili kwa mstari mmoja, umeme utoke hii uingie ile, na zote zikawaka wekundu hafifu kama makaa yanayozimika. Watu walipiga makofi na kumshukuru Mungu. Phelista akamwuliza fundi mbona hazina nguvu. Fundi akamjibu, "Mama, stima ya Mabanga ni kidogo."

"Madam, nilijua huyo mtu ananidanganya," aliniambia. "Lakini sikujua ananidanganya wapi. Hiyo ndiyo iliniuma."

Alitaka kusomea umeme katika chuo cha ufundi Kitale, na chuo kilitaka C ya fizikia. Wangila alikubali, ila aliweka sharti mbele ya mama yake na mchungaji wao: mwaka mmoja tu. Akipata C, aende chuo. Akikosa, arudi Mabanga walime, na maneno ya umeme yasisikike tena katika boma lake. Shule nzima ilijua sharti hilo, hata wapishi. C ama shamba.

Saa ya chakula cha mchana wenzake walipokimbilia githeri, yeye alikuja maabara na maswali ya Mwalimu Ngige, mwalimu wetu wa fizikia. Siku moja swali lilikuwa la vikinza viwili, vitu vya kuuzuia umeme, cha ohm sita na cha ohm tatu, vimefungwa sambamba. Alihesabu, akapata mbili, akaipiga meza.

"Haiwezekani! Mbili ni ndogo kuliko hiyo ndogo yenyewe. Naongeza kitu halafu inapungua?"

"Kanisani kwenu," nikamwuliza, "mlango wa pili ukifunguliwa, watu wanatoka haraka ama polepole?"

Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema kumbe kwa lugha ya kwao. "Khane! Khane ni njia tu! Umeongeza njia!"

Lakini usifikiri alikuwa mtu wa kufundishwa kwa upole. Kuna siku nilimpa swali la uga wa umeme, ile nguvu inayosukuma chaji katikati ya sahani mbili za chuma. Volti mia mbili, sahani zimeachana sentimita mbili. Akaandika mia moja. Nikamchapa eksi kubwa na kalamu nyekundu, nikamwambia jibu ni elfu kumi.

"Madam, umenionea," akasema. "Ni mia moja kwa kila sentimita."

"Mtihani unataka mita, si sentimita."

"Mita nitawapa. Lakini hiyo eksi ufute, kwa sababu sijadanganya."

Nilimwambia asinifundishe kazi. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa. Halafu nikakaa chini, nikahesabu, na kumbe mia moja kwa kila sentimita ni elfu kumi kwa kila mita, kitu ni kile kile. Nikafuta eksi. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mwanamke kama dada yangu wa kuzaliwa, na nikatamani apate hiyo C kuliko nilivyotamani mambo yangu mwenyewe.

Sasa nije kwa betri. Mwalimu Ngige alikuwa amewafanyisha jaribio la betri mara nyingi muhula huo. Betri yenyewe, huko ndani yake, huuzuia umeme. Ikiwa mpya huzuia kidogo, ikichoka huzuia sana. Unaifunga kwenye waya, unapima volti na mkondo, unafupisha waya, unapima tena, unachora grafu, na mteremko wa grafu ndio ukinzani wa ndani. Darasa letu lilizoea kupata ohm nukta saba, pungufu ya ohm moja. Mbugua, kijana wa kwanza darasani, alizijua namba zote kwa kichwa kama vile watu wanavyoijua Baba Yetu Uliye Mbinguni.

Maagizo ya vyombo vya kuandaa yalipofunguliwa siku moja kabla ya mtihani, tukaona ni jaribio lile lile. Tukafurahi, kisha tukazitazama betri zetu. Zilikuwa zimechoka hoi kwa mazoezi. Za aina hiyo zilikuwa zimekwisha madukani Kiminini, na gari la shule lilikuwa limeharibika Webuye. Mkuu wa shule hakuhangaika hata kidogo.

"Si muanike," akasema. "Jua liko."

Na nani huku kwetu hajawahi kuanika betri za redio juu ya mabati ili asikie taarifa ya habari? Mkuu mwenyewe alipanda ngazi, akazipanga juu ya paa la jikoni, zikapigwa na jua mchana kutwa. Jioni Mwalimu Ngige akazipima moja baada ya nyingine. Moja nukta nne tano. Moja nukta nne tano. "Zimefufuka!" akasema, na mkuu akaitikia amina. Kweli, kwenye mita zilikuwa zimefufuka.

Asubuhi yake msimamizi kutoka nje, Bwana Absalom, mtu wa miwani na viatu vinavyolia akitembea, aliwagawa watahiniwa makundi mawili. Nusu wakaenda kwenye lenzi na nusu kwenye betri, halafu wangebadilishana. Phelista alianza na betri, nyuma ya Mbugua. Alijifunga leso kichwani vizuri, akafunga waya zake bila haraka, akakaza kila mahali. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Alibonyeza swichi, akainama kusoma mita.

Sindano ya volti ilisimama kwenye moja nukta moja. Akaandika. Alipoinua macho ilikuwa kwenye moja. Akakunja uso. Alipotazama tena ilikuwa imeshuka chini ya moja, na bado ilikuwa inashuka polepole, mbele ya macho yake. Mahali pamoja, waya ule ule, na namba tatu tofauti. Ngai wangu! Zile betri hazikuwa zimefufuka. Zilikuwa zimeota jua tu.

Nilitazama meza nyingine za betri. Kila mtu alikuwa amekwama. Vijana walikuwa wanagonga mita kwa kidole, msichana mmoja alikuwa analia bila sauti. Kisha nikamwona Mbugua. Mkono wake wa kushoto uliteleza nyuma ya mgongo wake. Kidole kimoja. Ngumi. Vidole vinne. Moja nukta nne, namba ya mazoezi. Halafu ngumi mbili, ya sifuri na ya nukta, kidole kimoja, vidole vinne: mkondo wake, nukta moja nne. Alikuwa anawasomea wenzake namba za kichwani, na kalamu zikaanza kukimbia meza zote.

Hapo ndipo roho ilinichemka. Ningemwita Absalom, aliyekuwa anasoma kitu mlangoni, darasa zima lingetolewa nje, Phelista pamoja nao, na mwaka wake ungeishia hapo. Nikinyamaza, wanapika mbele ya macho yangu. Nilitaka kumzaba Mbugua kofi moja safi la Kikuyu. Na kijana hakuwa mbaya, ndilo lililonikera zaidi. Aligeuza shingo kidogo, akamtazama Phelista kwa huruma, akamwonyesha kwa midomo tu: Mathe, andika. Alijua habari za C na shamba. Alikuwa anamwokoa.

Phelista alivitazama vile vidole. Aliviona, hilo sina shaka. Aliinua kalamu akaiweka kwenye jedwali, palepale pa moja nukta nne, na nikajua anaandika. Nani asingeandika? Watoto wako Mabanga, mwaka mzima huwalazi ila mwisho wa mwezi, na namba nzuri ziko mbele yako kwa bure. Kalamu ilikaa pale. Haikusogea. Kisha akaiweka chini, akainua mkono juu.

Mkono wa Mbugua uliganda. Kalamu zikasimama meza zote. Walidhani anawashtaki.

"Ndiyo, mama?" Absalom akasema, huku anakuja na viatu vyake vya kulia.

"Mwalimu, betri yangu inarara," Phelista akasema. Kwa watu wa kwao l na r ni ndugu, na siku nyingine darasa lingecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Inalala vipi? Imekufa?"

"Sina hakika kama imekufa."

Absalom akaniita kwa kidole. "Ipime. Niambie inasoma ngapi, na usimwambie mtahiniwa neno lingine."

Niliichomoa kwenye waya zake, nikaibandika kwenye mita. Sindano ikapanda bila wasiwasi mpaka mahali pake pa jana jioni.

"Moja nukta nne tano," nikasema.

"Basi iko sawa. Rudisha. Mama, endelea, na muda hautakungoja."

Jamani, hilo ndilo lililokuwa likinichoma! Nilijua haiko sawa, na nilikuwa nimetoka kusema kwa kinywa changu namba inayosema iko sawa. Niliirudisha betri na sikuthubutu kumtazama usoni. Lakini Phelista hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama mita. Alikaa hivyo, mikono mapajani, wakati wenzake wanaandika mbio mbio. Nikamwomba Mungu amwamshe. Absalom akatangaza kwamba kundi limebakiwa na nusu saa.

Ndipo akakata kwa mstari mmoja kila kitu alichokuwa ameandika. Akarudi kwenye waya mrefu kabisa, ule unaoidai betri umeme kidogo. Akabonyeza swichi, macho yakaruka kwenye mita hii na ile, akaachia mara moja. Akaandika. Akangoja. Nilimwona midomo ikihesabu, kama mtu anayengoja uji utokote. Kisha akafupisha waya, akabonyeza, akasoma, akaachia, akangoja tena. Kumbe ameelewa! Betri ikipumzika inarudi, ikishikiliwa inazama, kwa hivyo usiishikilie. Nilitaka kupiga kigelegele, nikauma mdomo.

Lakini kungoja kunakula muda. Alipoanza kuchora grafu, Absalom alikuwa anatazama saa yake kila mara. Nukta zake zilikaa kwenye mstari, lakini mstari wenyewe ulianguka kama paa la nyumba, si ule mteremko mpole wa mazoezi. Akagawanya. Akapata tatu nukta moja. Akagawanya tena pembeni, akapata tatu nukta moja. Kundi zima wana nukta saba na yeye ana tatu nukta moja! Alifumba macho, akaandika tatu nukta moja, na Absalom akasema, "Badilisheni."

Walipotoka, walikusanyika kwenye bomba la maji. Huyu nukta saba, yule nukta saba, hata walioanza na lenzi, kwa kupokezana vidole, wanapigana viganja. "Mathe, wewe?" mmoja akauliza. Alipowaambia, hakuna aliyemcheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mbugua alikaribia kulia.

"Lakini Mathe, si nilikupatia? Kwa nini umekataa?"

"Asante, baba," akamjibu. "Nilishawahi kupatiwa."

Akaja nyuma ya maabara nilipokuwa naosha vyombo, akakaa juu ya ndoo. "Madam, niambie ukweli. Nimeenda shamba?"

"Kwa nini uliandika tatu?" nikamwuliza.

"Kwa sababu ile betri ni kama mtu wa mguu mbovu. Akisimama unasema ni mzima. Mtwike debe la maji ndio utajua. Mimi niliitwika, nikaona inachechemea. Sasa niandike ati inakimbia?"

Nikamwambia jibu lake ni zuri. Sikumwambia lililokuwa linanitisha, kwamba msahihishaji yuko mbali na hajui kuwa mkuu wetu alipanda ngazi. Angeona tatu nukta moja, angesema huyu mama hajui kusoma mita, angepiga eksi, na hakuna mtu angemwambia afute. Miezi ile hadi matokeo sikupata raha. Nilikuwa nikiota sindano inashuka.

Matokeo yalitoka mwezi wa tatu. Phelista alifika shuleni na mumewe, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona Wangila: mrefu, koti la Jumapili, gambuti za shamba, mtu wa kutosema. Sanduku lake la bati Phelista alikuwa ameliacha kwa mama yake mdogo hapo Kiminini tangu Novemba aliporudi kwa watoto, kwa kuwa hakutaka kulirudisha Mabanga kabla ya kujua kama litaenda chuo.

Karatasi ilikuwa imebandikwa nje ya ofisi. Nilikuwa nimeshaiona. Safu ya fizikia ilikuwa Y, Y, Y, karibu yote, kutoka juu mpaka chini, na Mbugua alikuwa amekaa kwenye ngazi, mama yake, Gathoni, amemshika kichwa kama mtoto mchanga. Kijana ambaye angepata A peke yake bila kumsaidia mtu. Nilikuwa nimemkasirikia miezi yote ile, na siku hiyo nililia kwa ajili yake.

Wangila aliweka kidole kwenye jina la mkewe, akakivuta polepole hadi fizikia. C. Haikuwa na jumlisha wala kutoa. Akarudisha kidole mwanzo, akakivuta tena. Phelista alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa ameshaiona. Alikuwa anautazama mgongo wa mumewe.

"Mama Kizito," Wangila akasema bila kugeuka. "Nilisema C."

"Ulisema, Baba Kizito."

"Na nataka nikuambie hapa, huyu Madam akisikia, nisije nikakaa na hii maneno." Akageuka. "Kila Jumapili, tangu uende, mimi nimekuwa naomba Mungu upate D."

Mimi nikafungua mdomo. Siku hiyo hakukuwa na sheria ya kunifunga, na nilikuwa na maneno tayari, yamepangwa. Phelista akanishika mkono.

"Ulipokuwa huku, Pauline akiamka anaita wewe," Wangila akaendelea. "Si mimi. Namwambia mama anakuja, analala, anaamka, anaita tena. Na mimi pia naita, lakini mimi ni mtu mzima, siwezi kuita kwa sauti. Kwa hivyo niliomba D. Mpaka jana nimeomba. Nilipiga magoti."

Machozi yalikuwa yanamshuka Phelista na hakuyafuta.

"Uliomba kwa nguvu?" akauliza.

"Kwa nguvu yangu yote," Wangila akasema. Akavua koti la Jumapili, akalikunja, akaliweka begani pa kubebea mzigo. "Haya. Sanduku iko nyumba gani?"